Vizi iliyoangalia chini: kisa cha breki laini Bukavu

"Kanyaga mara mbili, itashika." Hayo ndiyo maneno fundi aliyoniambia akinikabidhi ufunguo Ijumaa jioni, nami kwa uchovu nikayapokea kama maelezo ya kawaida ya gari la zamani. Kesho yake asubuhi nilikuwa nashuka kutoka Kadutu kuelekea Nyawera, mbele yangu pikipiki imebeba magunia mawili ya makala, yaani mkaa. Nikakanyaga mara moja. Pedali ikazama kama mguu unaoingia kwenye tope. Nikarudia, na mara ya tatu ndipo gari likashika. Kati ya bampa yangu na gunia la nyuma palibaki nafasi ya kupitisha mkono.

Tulifika nyumbani kwa gia ya kwanza, breki ya mkono, na sala za mpwa wangu aliyekuwa amekaa kushoto. Nasema kushoto kwa sababu gari ni la Kijapani la miaka ya 90, usukani kulia, kama mengi tunayoendesha huku ingawa barabara yetu ni ya mkono wa kulia. Kumbuka jambo hilo la usukani, maana litatupotezea nusu siku.

Historia yake ni fupi. Gari lina diski mbele na tamburi, yaani breki za ngoma, nyuma; halina ABS, ule mfumo wa umeme unaozuia magurudumu kujifunga. Wiki ile etriye ya mbele kulia, yaani chuma kinachoikumbatia diski na kusukuma plakete (pedi za breki), ilikuwa imeganda. Gurudumu lilitoka moto na kunuka kila safari. Fundi akashauri tubadilishe zote mbili za mbele ili zivute sawa. Ushauri mzuri. Tukanunua jozi ya okazio, yaani ya mtumba, akazifunga, akajaza mafuta ya breki, akatoa hewa iliyonasa ndani yake, akalizungusha gari mtaani, akanirudishia. Kabla ya kazi ile pedali ilikuwa ngumu na ya juu. Baada yake ikawa sponji.

Nikaamua kuitoa hewa mwenyewe nyumbani. Si kwa ubishi. Kulirudisha gari garajini kungenilazimu kushuka tena ule mteremko.

Kwanza ilibidi tupate mahali. Anayeijua Bukavu anajua kwamba uwanja tambarare wa urefu wa gari ni mali. Wetu unainama kuelekea ziwani, kwa hiyo tukaomba ua wa jirani, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na kila tulipopandisha upande mmoja kwa kriki (jeki) tuliegemeza gari juu ya kipande cha mti mnene kabla ya mtu kuingiza hata kidole chini. Kriki peke yake si ya kuaminiwa, hasa kwa gari ambalo ugonjwa wake ni breki.

Vifaa vilikuwa vichache: kle (spana) ya 10, chupa mbili za nusu lita za mafuta ya breki aina ya DOT 4 ambazo hazijafunguliwa, kipande cha tiyo ya plastiki angavu, na chupa tupu ya maji ya kunywa. Chupa ile tuliitia mafuta ya breki kidogo, kina cha vidole viwili, ili ncha ya tiyo ikae ndani yake muda wote na isivute hewa kutoka nje. Mpwa akakaa kwenye usukani, mimi chini. Tukakubaliana maneno machache tu, kwa sauti, na kila mmoja anamjibu mwenzake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Nafungua vizi, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu, robo mzunguko, mafuta yanakimbia kwenye tiyo, pedali inashuka.

"Iko chini."

Nafunga. "Achia!"

Kazi yote imekaa hapo. Ukichelewa kufunga, mwenzako akaachia pedali vizi ikiwa wazi, mfumo unavuta hewa nyuma na umerudi ulikoanzia. Chini ya pedali tulikuwa tumeweka kibao cha unene wa vidole viwili. Silinda kuu, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, ikiwa ya zamani ina sehemu ambayo vifuniko vyake vya mpira havijaifikia kwa miaka. Ukiizamisha pedali hadi sakafuni siku hiyo moja, mpira unapita kwenye kutu na kuchanika, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili. Kila baada ya kukanyaga mara tano au sita nilikwenda kuangalia kikopo cha mafuta kwenye injini, kwa sababu kikikauka, kinameza hewa kutoka juu.

Tulianza nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto, kama video ya Kifaransa ilivyoagiza. Nyuma yalitoka mapovu machache, kisha mafuta safi. Mbele hayakutoka mapovu kabisa. Mafuta yalikuja angavu, yenye rangi ya chai ya rangi isiyokolea, tangu mara ya kwanza. Nilifurahi. Leo najua kwamba pale ndipo nilipaswa kushtuka: etriye zimefungwa jana tu, zilikuja kavu kabisa, halafu hazina hata povu moja?

Mpwa akakanyaga. "Mjomba, iko inazama tu."

Jioni ile nilikumbuka usukani. Kanuni ya kutoa hewa ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, kisha unakaribia. Yule wa kwenye video alikuwa na gari la usukani wa kushoto, kwa hiyo kwake la mbali ni la nyuma kulia. Kwetu silinda kuu iko kulia, basi la mbali ni la nyuma kushoto. Jumapili baada ya misa tukarudia yote kwa mpangilio mpya, chupa ya pili ikaisha, na pedali ikabaki vilevile. Sijutii kurudia, ila nimeona watu wanaobishana juu ya mpangilio kana kwamba ni dini. Kwenye gari dogo lisilo na ABS, mpangilio usio sahihi unaweza kukuachia hewa kidogo na kukulazimu kurudia gurudumu moja. Haukuachii pedali inayozama mara tatu.

Hapo nikaacha kufungua vizi na kuanza kufikiri. Ningefanya hivyo Jumamosi, ningeokoa chupa moja ya mafuta.

Pedali laini ina lugha yake. Ukikanyaga na kushikilia kwa nguvu ileile, nayo ikaendelea kushuka polepole chini ya mguu, kuna mahali panapovuja: ama nje, na utaona unyevu, ama ndani ya silinda kuu, mafuta yanapenya nyuma ya mpira na huoni tone. Ikishuka kwa pigo moja, halafu ukiipampu inapanda na kukaa juu, ni hewa, au viatu vya tamburi za nyuma, vile vinavyosugua ngoma kwa ndani, viko mbali mno na vinahitaji kusogezwa. Tofauti ya hizo mbili za mwisho unaihisi mguuni: ya tamburi ni ndefu lakini mwishoni inagonga ngumu, ya hewa inabaki na unyororo, kama kukanyaga mpira wa miguu uliopungua upepo. Yangu ilipanda kwa kupampu na ilikuwa na unyororo. Nikashikilia kwa nusu dakika, haikushuka zaidi.

Kulikuwa na wazo jingine, la jirani aliyewahi kuendesha njia ya Uvira. Yeye kila breki laini humkumbusha Ngomo, ule mteremko mrefu wa kwenda Kamanyola, ambako magari huchemsha mafuta ya breki hadi pedali ikafika sakafuni. Hilo ni la kweli. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishaingiwa na maji kiwango hicho ni 140, kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka, mvuke unafanya kazi ileile ya hewa. Ndiyo sababu hushauriwa kuyabadilisha kila miaka miwili hivi, na ndiyo sababu chupa iliyokaa wazi rafuni siichukui hata kwa bure. Ila ugonjwa huo unakuja breki zikiwa moto na kuondoka zikipoa. Zangu zilikuwa laini asubuhi, gari limelala usiku kucha kwenye baridi ya Bukavu.

Basi ni hewa. Iko wapi?

Jumatatu nilifanya kipimo nilichowahi kukiona kwa fundi mzee. Kila gurudumu linafikiwa na mpira mmoja wa breki unaojikunja. Ukiubana mpira huo, gurudumu lile limetengwa na mfumo. Nilichukua makoleo manne ya kujifunga, nikayavika meno yake vipande vya tiyo ya maji ili yasikate, nikabana mipira yote minne taratibu. Si kipimo cha kufanyia mpira wa zamani uliopasukapasuka. Wangu wa mbele ulikuwa bado laini, na wa nyuma niliukagua mara mbili kabla ya kuugusa.

Mpwa akakanyaga. Pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe la lava la Goma.

Kwa kipimo hicho kimoja silinda kuu, niliyokuwa nimeanza kuitafutia pesa, ikaachiliwa huru. Nikafungua koleo la nyuma kushoto: pedali ikashuka kidogo sana. Nyuma kulia: kidogo tena. Nikafungua mbele kulia, ikaporomoka nusu ya njia. Nikalirudisha lile, nikafungua mbele kushoto. Nusu ya njia vilevile.

Magurudumu mawili yana hatia sawa. Kitu kimoja kikiharibika, kwa kawaida kinaharibika upande mmoja. Pande mbili zikiugua ugonjwa mmoja siku moja, tafuta kilichozigusa zote mbili siku hiyo, na jibu nililijua: etriye za okazio. Lakini zina nini? Hazivuji. Pistoni zinasukuma na kurudi. Vizi zinatoa mafuta safi.

Nililala chini ya gari karibu saa nzima nikiangalia ile etriye na sikuona kitu, kwa sababu sikuwa na cha kuilinganisha nacho. Ilipofika jioni, mwenye ua akarudi na gari lake la aina ileile. Nikamwomba akate usukani hadi mwisho, nikamulika kwa tochi ya simu ndani ya gurudumu lake. Kofia ndogo ya mpira ya vizi yake ilikuwa juu ya etriye, imeelekea mbinguni. Yangu ilikuwa chini. Nikaenda upande wa pili: yake juu, yangu chini.

Etriye ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia.

Kwenye magari mengi hilo linawezekana kabisa. Matundu ya bolti yanalingana, plakete zinaingia, mpira wa breki unafika, diski inazunguka. Kinachobadilika ni kwamba chuma kimepinduka, na vizi ambayo kiwanda kiliiweka kileleni sasa iko chini kabisa. Hewa ndani ya mafuta inafanya inachofanya daima: inapanda. Inakusanyika kwenye upinde wa juu wa chumba cha pistoni na kukaa pale. Wewe unafungua tundu la chini, mafuta yanaingia, yanapita chini ya ile hewa, yanatoka masafi. Unaweza kupitisha lita kumi.

Mtoto yeyote wa Bukavu aliyewahi kutumwa maji ziwani anaijua fizikia hii. Chovya bido (dumu) ya njano ukiwa umeielekeza mdomo chini: itagoma kujaa, hewa imejifungia ndani. Iinamishe mdomo uangalie juu, itapiga *bloko-bloko* na kujaa. Etriye zangu zilikuwa bido mbili zilizochovywa mdomo chini.

Na hewa yenyewe haihitaji kuwa nyingi. Silinda kuu ya gari dogo, tuseme yenye kipenyo cha sentimita 2, ikisukumwa sentimita 3 inatoa mililita 9 na kitu. Hayo ndiyo mafuta yote uliyonayo kwa mkanyago mmoja. Kijiko cha chai ni mililita 5. Hewa ya kijiko kimoja, ukiibana hadi shinikizo la mara kumi, inabaki nusu mililita. Mililita nne na nusu za mkanyago wako zimekwenda kubana upepo, karibu nusu ya safari ya pedali, kabla plakete hazijaigusa diski kwa nguvu ya maana. Mafuta hayabaniki, ndiyo maana breki zinafanya kazi. Kijiko cha hewa kinatosha kuufanya mfumo mzima usahau hilo.

Hapo pia ndipo "kanyaga mara mbili" inapopata maelezo. Mkanyago wa kwanza unaibana hewa na kuzisogeza plakete. Ukiachia haraka na kurudia, silinda kuu imeshaongeza mafuta mengine kutoka kwenye kikopo kabla ya yale ya kwanza kurudi yote, kwa hiyo ya pili inakutana na mfumo uliojaa nusu. Fundi alizungusha gari mtaani, akakanyaga mara mbili kwa mazoea, likashika, akaridhika. Simlaumu kwa kukosea upande. Etriye okazio zote ni chuma chenye matope. Kwa kunirudishia gari lenye sharti la kukanyaga mara mbili, hapo namlaumu. Breki ina mkanyago mmoja.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa nyepesi kuliko ya kutafuta. Tukafungua etriye zote mbili na kuzibadilishana pande. Kwenye bolti inayofunga mpira wa breki kuna rondeli (washa) mbili za shaba, moja kila upande, zinazojibana ili mafuta yasivuje. Inatakiwa kuweka mpya. Dukani hawakuwa na saizi yetu, basi tukafanya kama mafundi wafanyavyo: tukazitundika kwenye waya juu ya jiko la makala hadi zikawa nyekundu, tukazitumbukiza majini, tukazisugua hadi zikang'aa. Shaba ikipashwa hivyo inarudi kuwa laini na kukubali kujibana tena. Shemeji yako akiuliza kwa nini jiko lake lina harufu ya mafuta ya gari, hilo ni jambo la kifamilia.

Kabla ya kukanyaga chochote tulifungua vizi ya mbele kushoto, ambayo sasa ilikuwa juu, tukaacha mafuta yashuke yenyewe kwa uzito wake. Kwanza kimya. Kisha tiyo ikapiga chafya. Povu refu kama kidole gumba likapita, likafuatwa na jingine, halafu mfululizo wa mapovu madogo kama ya soda, mpwa amepiga magoti pembeni akiyahesabu kwa sauti mpaka akachoka. Upande wa kulia ulikuwa hivyohivyo. Baada ya hapo tukatumia pedali, kanyaga na achia, mara nane kila upande, na mapovu yakaisha kweli.

Mpwa kwa haraka zake alimwaga mafuta kidogo kwenye bawa la gari na kuyapangusa kwa kitambaa. Usipanguse, mwagia maji mengi. Mafuta haya yanakula rangi, na kitambaa kinayasambaza tu. Doa lipo hadi leo, ukubwa wa sarafu.

Pedali ilisimama juu kwa mkanyago wa kwanza. Tuliwasha injini, ikashuka kidogo kama inavyotakiwa msaada wa injini ukianza, nikaishikilia kwa nguvu dakika nzima huku mpwa akimulika kila kiungo. Kavu. Tukalisogeza gari ndani ya ua, kisha kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha kwenye mteremko mfupi. Kile kiwango kidogo ilichoshuka nyuma kwenye kipimo kilikuwa viatu vya tamburi. Nilivisogeza wiki iliyofuata.

Jumatano nililipeleka gari kwa fundi. Sikwenda kugombana. Nilimwambia anyooshe shingo aangalie vizi zilipo sasa, nikamweleza zilipokuwa. Aliinama, akachukua bisibisi, akakwangua matope yaliyoganda kwenye mgongo wa etriye ya kulia. Chini yake palikuwa na herufi moja iliyochongwa ndani ya chuma: R.

"Niliiona hii," akasema. "Nilijua ni alama ya kiwanda tu. Sisi tunatafuta D na G."

D ya *droite*, G ya *gauche*. Waliotengeneza chuma hiki walikiandikia kulia na kushoto kwa Kiingereza, na kwenye garaji yenye mafundi watano hakuna aliyekuwa na sababu ya kuisoma R kama upande. Akakwangua ya kushoto. L.

Alibaki amechuchumaa, bisibisi mkononi, anaangalia ile herufi. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akapiga.

"Mukubwa, habari? Ile gari yako ya juma lililopita… ndiyo, ile. Kesho usishuke nayo. Ipitishe hapa kwanza."